Barabara Zilizoachiwa Baiskeli: Historia ya Njia za Yahuma

Makala haya yanahusu barabara za wilaya ya Yahuma, katika mkoa wa Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni barabara zilizojengwa kwa ajili ya magari na mazao ya viwanda, na ambazo kwa miongo kadhaa magari yamezihama, zikabaki mikononi mwa waendesha baiskeli na waendao kwa miguu. Hoja tunayokusudia kuijenga ni kwamba hali hii haiwezi kuelezwa kwa neno "uharibifu" peke yake. Barabara iliyokufa kwa lori haikufa kwa kila mtu, na mwanahistoria anayeishia kwenye hesabu ya magari hataona chochote katika msitu wa Yahuma.

Mlinganisho utatusaidia kuanza. Nchini Uingereza, reli iliyokuwa ikiunganisha Bristol na Bath ilifungwa, na kati ya 1979 na 1986 watu waliojitolea wakaigeuza njia ya baiskeli. Ubelgiji nayo, katika jimbo la Wallonia, ilianza mwaka 1995 mtandao uitwao RAVeL, ambao unapita juu ya matuta ya reli za zamani na kando ya mifereji iliyokuwa ikibeba makaa ya mawe na chuma. Leo familia hupita huko siku za mapumziko, magari hayaruhusiwi, na mabaki ya viwanda yamekuwa mandhari. Mtu akitafuta Kongo jambo linalofanana na hilo, atalipata kwa namna iliyopinduliwa: njia isiyo na magari ipo, mabaki ya viwanda yapo, baiskeli zipo kwa wingi, lakini hakuna aliyeipanga, na hakuna apitaye kwa matembezi.

Hapana budi kwanza tuseme kidogo juu ya majina. Msomaji wa pwani anajua baiskeli. Kisangani utasikia zaidi velo, kutoka Kifaransa, na huko Katanga kinga. Mjini Kisangani baiskeli ya kukodi pamoja na dereva wake huitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Ni jina zuri, maana limechukuliwa katika kinywa cha mpanda baiskeli anayeomba nafasi barabarani, likahamia kwenye chombo, kisha kwenye kazi yenyewe. Yahuma kwenyewe lugha za nyumbani ni nyingine, hasa lugha ya Wangandu, na Kilingala ndicho cha sokoni. Lakini Kiswahili hakiko mbali. Kilifika Isangi na maporomoko ya Stanley kwa misafara ya kina Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa eneo hilo na Dola Huru ya Kongo, na hadi sasa Kisangani ni mji wa lugha hizo mbili.

Sasa turudi kwenye baiskeli, kwani historia yake katika msitu huu ilianza kabla baiskeli yenyewe haijafika. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la mpira lililojazwa upepo, akilikusudia kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Katika miaka iliyofuata Ulaya na Marekani ziliingiwa na shauku kubwa ya baiskeli, na viwanda vikawa na njaa ya mpira. Mashamba ya mipira ya Asia yalikuwa bado hayajaanza kuzaa; mpira wa haraka ulikuwa ule wa porini. Katika misitu ya Kongo ulitoka kwenye mmea utambaao mitini, jamaa ya mbungo tuujuao pwani. Mfalme Leopold II alitoa amri mwaka 1891 ya kuihodhi pembe na mpira kwa faida ya dola yake, na mwaka 1892 ikaundwa kampuni ya ABIR, iliyopewa bonde la mito Maringa na Lopori, magharibi ya Yahuma, ikafika hadi katika nchi ya Wangandu. Mpira uliotoka Kongo uliongezeka kutoka takriban tani 100 mwaka 1890 hadi takriban tani 6,000 mwaka 1901. Namna ulivyopatikana inajulikana: wake waliotekwa mateka hadi waume zao walete kiasi kilichotakiwa, vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa. Roger Casement aliyaandika hayo katika taarifa yake iliyotolewa mwaka 1904. Kwa hiyo mkazi wa msitu huu aliijua tairi kwa mateso yake, miaka mingi kabla ya kuiona ikizunguka. Sioni kwamba jambo hili limetiliwa mkazo wa kutosha katika historia za usafiri wa nchi zetu, ambazo aghalabu huanza na siku baiskeli ya kwanza ilipoteremshwa bandarini.

Baada ya mpira yakaja mawese. Tarehe 14 Aprili 1911 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilitiliana mkataba na William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, na hapo ikazaliwa Huileries du Congo Belge. Kampuni ilipewa maduara matano, kila moja la nusu kipenyo cha kilomita 60, ndani yake ichague ardhi isiyozidi jumla ya hekta 750,000. Mojawapo lilikuwa Barumbu, kwenye ukingo wa Mto Kongo, ambako kituo kikuu kiliitwa Elisabetha kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji. Leo ni Lokutu, na ndilo shamba kubwa la michikichi lililo jirani na Yahuma. Mkataba uliahidi shule, hospitali na ujira usiopungua santimu 25 kwa siku. Kuhusu vijiji vilivyokuwa na michikichi yao tangu zamani ndani ya maduara hayo, mkataba uliamua bila wao kuwapo mezani.

Tunda la mchikichi halisubiri. Likishakatwa huanza kuharibika, na mafuta yake hupungua thamani kadiri siku zinavyopita. Ndiyo maana kiwanda cha mawese hudai barabara kuliko kilivyodai mpira, ambao ungeweza kubebwa kichwani kwa majuma. Barabara zikalimwa kuelekea mtoni, vijiji vikahamishwa msituni na kupangwa kando yake, na kazi ya kuzitunza ikawekwa juu ya wanakijiji hao hao. Dekreti ya 1933 iliruhusu kazi za lazima hadi siku 60 kwa mwaka. Mifereji ilizibuliwa kwa jembe, magogo ya madaraja yalibadilishwa, na baada ya mvua kizuizi kilishushwa ili lori lisiikwangue ardhi ikiwa bado laini. Barabara ya udongo inaishi kwa uangalizi wa kila juma. Siri ya ubora wake uliosifiwa sana ilikuwa ni mikono ya watu wasiokuwa na hiari.

Mikono hiyo ilipoondolewa, kilichofuata kilitazamika. Uasi wa 1964, uliouteka mji wa Kisangani mwezi Agosti mwaka huo, ulivuruga utawala wa vijijini. Amri ya Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973 ilikabidhi maduka na mashamba ya wafanyabiashara wa kigeni kwa wananchi waliochaguliwa, na wengi wao hawakuwa na mtaji wala nia ya kuendelea. Malori yaliyokuwa yakinunua mazao vijijini yakaadimika. Ofisi ya Barabara, iliyoundwa 1971, ilibaki na mtandao mkubwa kuliko uwezo wake: kati ya kilomita 152,400 za nchi nzima, kilomita 86,871 ni barabara za kuhudumia kilimo, za aina tunayoizungumzia. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 hadi 2003 vikamaliza kilichosalia. Nchi iligawanyika, biashara ya mtoni kati ya Kinshasa na Kisangani ikakatika, na chumvi ikawa bidhaa ya kusafiriwa siku nyingi.

Hapo ndipo baiskeli ilipopata enzi yake. Pantoni ikizama, lori limekwisha; baiskeli inavuka kwa mtumbwi. Daraja likibaki gogo moja, mwenye baiskeli hushusha mizigo, akaivusha kwa zamu. Barabara iliyokuwa na upana wa magari mawili huotwa na majani pande zote mpaka unabaki ukanda mmoja katikati, mgumu na laini kwa kukanyagwa, na huo unatosha. Tuondoe picha ya mtu aliyeketi juu ya tandiko: mwenye mzigo hapandi, husukuma. Bidoni za mawese hufungwa ubavuni na nyuma, fimbo hufungwa kwenye usukani ili aiongoze akitembea kando, nyingine nyuma ya tandiko ya kusukumia. Huenda mtoni na mawese, mchele, mahindi na nyama iliyokaushwa. Hurudi na chumvi, nguo, dawa na sabuni. Sabuni hiyo hutengenezwa kwa mafuta ya aina ile ile aliyoondoka nayo.

Je, tuiite hali hii uhuru? Baadhi ya wanafunzi wetu hupenda kusema hivyo, kwamba wakulima waliigeuza miundombinu ya mkoloni ikawa yao. Kuna ukweli ndani yake, nami sitaki kuubeza. Lakini mjamzito aliyekwama uzazi hubebwa kwenye njia hizo hizo, na kwake ukosefu wa gari si ushindi. Tena bei ya mawese kijijini hupangwa na urefu wa safari: anayesukuma siku nne hana nguvu ya kukataa bei anayopewa bandarini, kwani kurudi na mzigo hawezi. Tangu miaka ya 2000 pikipiki za Kichina zimeanza kumpokonya abiria na mizigo myepesi, akaachiwa ile mizito.

Tena zipo njia ambazo hazikuachwa na mtu. Unilever iliuza mashamba yake ya Kongo mwaka 2009 kwa kampuni ya Feronia, nayo ikafilisika mwaka 2020, yakapita mikononi mwa wengine. Mashamba hayo matatu, Lokutu, Boteka na Yaligimba, yana takriban hekta 100,000 kwa hati. Mwezi Novemba 2018 jamii za Lokutu zilipeleka malalamiko juu ya ardhi kwa benki za maendeleo za Ulaya zilizokuwa zimeikopesha kampuni. Katika mgogoro huo, mtu mwenye kapu la chikichi juu ya baiskeli huweza kuulizwa na mlinzi ameyachuma wapi, na jibu lake hutegemea mpaka uliochorwa kwa kigezo cha mkataba wa 1911. Barabara ile ile ni ya umma hadi ifikapo kwenye michikichi iliyopandwa kwa mistari. Kuanzia hapo apitaye hutakiwa kueleza safari yake.