Batian na Nelion kwa Siku Moja

Mlima Kenya umekaa kusini kidogo tu ya ikweta, na jambo hilo ndilo linalotawala hesabu za kila anayetaka kuviunganisha vilele vyake viwili vikuu, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), kwa siku moja. Kwanza, mchana hauongezeki. Anayekwea milima ya Alps akisubiri Juni hupata mwanga wa saa 15 na zaidi. Hapa ni saa 12, iwe Januari au Agosti. Pili, mlima una misimu miwili inayopishana. Julai hadi Septemba jua hupiga upande wa kaskazini, miamba ya huko ikakauka, huku ya kusini ikivaa theluji na barafu. Ikifika Januari mambo yamegeuka. Mtu akipanda upande mmoja na kushukia wa pili, hupita kiangazi na kipupwe kati ya alfajiri na usiku.

Halford Mackinder, mwanajiografia Mwingereza, hakuwa na haja ya hesabu hiyo. Yeye alitaka kilele kimoja tu. Alikifikia Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wa milimani kutoka Italia, wakikata ngazi za miguu kwa shoka katika barafu ngumu ajabu. Mizigo yao ilikuwa imebebwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Chakula kiliwaishia njiani, na baadhi ya wapagazi hawakurudi makwao. Hilo halistahili kuachwa nje ya habari za ushindi wa siku ile. Vilele Mackinder alivipa majina ya viongozi wa Wamaasai: Mbatian, laibon mkuu, na Nelieng, ndugu yake. Pengo lililo kati ya vilele hivyo aliliita Lango la Ukungu. Nelion aliuona ng'ambo ya lango hilo, akauacha.

Ikapita miaka 29 bila mtu kufika juu tena. Mwaka 1928 kijana Mwingereza, Eric Shipton, alikuja kufanya kazi katika shamba la kahawa upande wa Nyeri. Januari 1929, akiwa na umri wa miaka 21, aliukabili uso wa kusini-mashariki wa Nelion pamoja na Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni. Walichagua msimu sawasawa, mwamba ukiwa mkavu. Njiani walikuta kamba iliyochakaa, masalio ya jaribio la kwanza la Mackinder upande huohuo. Walipita juu zaidi ya pale, wakawa watu wa kwanza kusimama Nelion, kisha wakashuka kwenye Lango la Ukungu na kupanda Batian. Umbali kati ya vilele ni mita 250 hivi, lakini ni ukingo mwembamba, wenye barafu na miamba iliyochongoka, na walipaswa kurudi kwa njia ileile. Vilele viwili vilikuwa vimeunganishwa, ila kwa kwenda na kurudi.

Naona safari hiyo ya Januari ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Shipton alishuka Nelion akiikariri kila rafu na kila ufa wake.

Mwaka 1930 alipata mwenzi mpya. Bill Tilman alikuwa mkulima, askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliyemzidi Shipton umri kwa miaka tisa lakini mgeni zaidi katika miamba mikubwa. Baada ya kwenda pamoja Kilimanjaro, walifika Mlima Kenya msimu wa Julai na Agosti wakiwa na shabaha ambayo hakuna aliyekuwa ameijaribu hadi mwisho: kupanda Batian kwa mgongo wake wa magharibi, kuvuka Lango la Ukungu, na kushukia Nelion kusini-mashariki.

Mgongo ule una minara ya mawe inayoziba njia. Wa kwanza waliuzunguka kwa mteremko mkali wa barafu iliyofunikwa theluji nyepesi, mahali ambapo mmoja akiteleza kamba huwavuta wote wawili. Mbele ya mnara mkubwa zaidi palikuwa na ukuta mwekundu usio na pa kushika kwa chini. Shipton alipanda juu ya mabega ya Tilman na kunyoosha mikono mpaka vidole vikakuta pa kujishikilia, akajivuta, kisha akamsaidia mwenzake kwa kamba. Ukuta wa namna hiyo hupandika kuliko unavyoshukika. Kuanzia hapo usalama wao haukuwa nyuma tena. Ulikuwa mbele, ng'ambo ya kilele, katika ile njia aliyoijua Shipton peke yake.

Walifika Batian alasiri, mchana ukiwa umebakiza saa mbili na ushei. Walivuka lango, wakapita Nelion, na giza likawakuta wakianza kushuka. Uso uliokuwa mkavu Januari 1929 sasa ulikuwa katika majira yake ya theluji. Mbalamwezi iliwasaidia. Iliyowasaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu ya Shipton, kwa maana mwanga wa mwezi huonyesha mwamba lakini hauonyeshi ufa upi unaelekea chini na upi unaishia hewani. Usiku huohuo walikanyaga mto wa barafu wa Lewis, chini ya miamba yote.

Miaka minne baadaye wawili hao walipenya hadi bonde lililozingirwa na milima chini ya Nanda Devi, India, na mwaka 1936 Tilman alifika kilele chake. Huku Kenya, mwaka 1970 Ian Howell alijenga kibanda kidogo cha mabati juu kabisa ya Nelion, akipanda peke yake mara 13 kupeleka vipande vyake. Kibanda hicho kilibadili safari hii. Wengi wanaovuka vilele viwili hulala humo na kumaliza kesho yake. Wanaotaka kumaliza kwa siku moja huondoka kambini gizani, na huchunguza kwanza mwezi utachomoza saa ngapi.