Ng'ombe wa Chuma wa Karagwe

Katika nchi ya Karagwe palikuwa na makao ya kifalme ya Bweranyange. Omukama Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, alitunza huko hazina ya kazi za wahunzi. Stanley aliiona mwaka 1876. Masimulizi humtaja baba yake, Ndagara, kuwa mfalme aliyefua chuma kwa mkono wake. Nyundo ilikuwa alama ya enzi, na ng'ombe wa chuma utajiri usiokufa kwa sotoka. Baadhi yao sasa wamo katika makumbusho ya Linden, Stuttgart, Ujerumani. Mtazamaji huwaona mapambo mazuri. Karagwe iliwafua wawe ushahidi wa utawala. Ng'ombe aliyetolewa zizini hapotezi pembe. Humpoteza mchungaji amjuaye jina.