Baridi ya Ufipa na joto la sigara

Anayesema Ufipa hakuna baridi hajafika stendi ya Sumbawanga saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba. Hapo ndipo nilipojifunza sigara, kwa kuwa wakubwa walisema inapasha mwili joto. Marehemu baba naye alisema hivyo, huku akikohoa. Jina la mji wetu, wazee husema, ni "tupa uchawi". Na kikohozi cha baba majirani walikiita uchawi.

Kumbe habari ilikuwapo zamani. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao wa hospitali za London, ulioonyesha kuwa sigara huleta saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha. Rukwa ilipofanywa mkoa mwaka 1974, habari hiyo ilikwisha kuwa na miaka 24. Huku kwetu nani aliisikia? Baba alifariki miaka miwili kabla Bunge halijapitisha sheria ya kudhibiti tumbaku, mwaka 2003.

Na lile joto? Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, vidole vikazidi kuwa baridi. Tulidanganyana, basi.

Mwaka 2004 Doll, mzee wa miaka 91, alitoa matokeo ya kuwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Mvutaji wa kudumu hupoteza kiasi cha miaka 10 ya maisha. Anayeacha akiwa na miaka 50 hujirudishia kama 6. Akiwa na 40, kama 9. Mimi niliacha nikiwa na 41.

Nikipita stendi alfajiri, mkono bado huingia mfukoni wenyewe. Siku hizi hukuta karanga.