Mpiga Besi na Haki ya Jina: Habari za Jazi Kutoka Ghuba ya Mwanza

Mwenye kusimama Busisi, upande wa Sengerema, akaelekeza uso mashariki, huliona leo Daraja la John Pombe Magufuli likikata Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa kilometa zipatazo 3, daraja lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Walakini kwa miaka mingi kabla ya hapo hapakuwa na njia ya kwenda Kigongo ila pantoni, na kila kilichopita barabara hiyo baina ya Mwanza na Geita, tangu magunia ya pamba hata magitaa na ngoma za bendi, kilingojea zamu yake ukingoni mwa maji. Kati ya wasafiri wa njia hiyo alikuwamo mtu ambaye historia ya muziki wetu imemtaja kwa uchache mno, naye ni mpiga besi. Makala haya yanakusudia kufuata njia ya kazi yake, kujifunza kwake, kuajiriwa kwake na kutunga kwake, ili ibainike kwamba nyimbo tunazozihesabu kuwa urithi wa taifa zina mtunzi mmoja zaidi ya wale tuliozoea kuwasifu.

Nchi za ziwa hazikuingia katika muziki wa dansi mikono mitupu. Wasukuma walikuwa na vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo ushindani wao wa ngoma ulikusanya umati baada ya mavuno, na walikuwa na Bugobogobo, ngoma ya majembe, ambamo mshindo wa ngoma kubwa ndio unaoamuru miguu na mikono ya wachezaji. Ukerewe na Buhaya palikuwa na nanga, chombo cha nyuzi cha masimulizi ya watawala na mashujaa. Fauka ya hayo, Mapadre Weupe walifungua misheni Bukumbi, mkabala wa Busisi, mwaka 1883, na kadiri misheni za madhehebu mbalimbali zilivyoenea, kwaya zilizoea kuimba kwa sauti nne, ambamo besi ni sauti ya chini inayozibeba nyingine zote. Kijana aliyelelewa baina ya ngoma kubwa na kwaya alikuwa na sikio lililokwisha kuandaliwa kabla hajaliona gitaa.

Dansi lenyewe lilianzia mijini pwani. Bendi ya Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na jina la jazi likaenea bara kama jina la heshima kwa kila bendi ya kisasa, ijapokuwa roho ya muziki huo ilikuwa zaidi ya Cuba kuliko ya New Orleans. Sahani za santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, zilileta muziki wa son wa Cuba, ambao msingi wake ni besi. Na ni jambo la shani kwamba huko Cuba kazi hiyo ya besi ilifanywa pia na marimbula, kasha lenye vipande vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole, ambalo asili yake ni Afrika. Basi kilichovuka bahari kwa shida ya utumwa kilirudi kwa njia ya biashara, na wapokeaji wakakitambua mara moja.

Congo nayo ilikuwa na sehemu yake. Bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilipokwenda Brussels Januari 1960, wakati wa mkutano wa uhuru wa Congo, aliyeshika besi alikuwa Armand Moango, maarufu kwa jina la Brazzos, aliyeazimwa kutoka bendi ya OK Jazz. Na wimbo wa uhuru uliozaliwa huko ukasikika redioni Afrika nzima. Wengi wanalikumbuka jina la Kabasele, na wengine wanamkumbuka Nico aliyepiga solo, ilhali Brazzos hutajwa na wachache.

Njia ya kijana wa nchi za ziwa na Unyamwezi aghalabu ilifuata reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora. Mfano ulio wazi ni Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, ambayo jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi walikotoka waanzilishi wake, na ambayo kwa mtindo wake wa Saboso iliuthibitishia mji mkuu kwamba watu wa bara hawakuwa wanafunzi wa pwani tu. Kwa upande wa Mara, Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa karibu na Shirati mwaka 1940, alivuka mpaka akajenga jina Kenya kwa muziki wa benga, ambamo besi haingoji nyuma bali hukimbia sambamba na gitaa la kwanza kama mtu anayejibizana na mwenzake.

Baada ya uhuru palizuka mwajiri mpya, nayo ni mashirika ya umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam na kuitwa DDC Mlimani Park. Mwanamuziki alipata mshahara, na hiyo ilikuwa neema kubwa. Lakini vyombo vilikuwa mali ya shirika, na aliyehama bendi aliondoka bila gitaa. Humo Mlimani Park ndimo alimosifika Suleiman Mwanyiro, mpiga besi ambaye wapenzi wa bendi hiyo walimpa lakabu ya Computer.

Yafaa kutazama kwa karibu jinsi wimbo wa dansi unavyotengenezwa. Mtunzi huja mazoezini na maneno na sauti ya kuimbia. Gitaa la ridhimu hutafuta mwendo, solo hutafuta mapambo, tarumbeta na saksafoni hutafuta majibu. Na mpiga besi, akiwa amesimama ubavuni mwa mpiga ngoma, hutafuta sauti chache za chini ambazo zitawafunga wote pamoja. Hakuna anayempa sauti hizo: huzitunga mwenyewe. Katika beti yeye hutembea polepole, akiacha nafasi ili maneno ya mwimbaji yasikike. Wimbo unapoingia katika chemko, yaani sehemu ya kuchezwa, hubadili mwendo, akarudiarudia mafungu mafupi, nao wachezaji ukumbini huufuata mwendo huo kwa miguu yao. Kazi hii ni utunzi kamili, walakini wimbo uliporekodiwa Radio Tanzania ulitangazwa kwa jina la bendi, labda na la mtunzi wa maneno, na mwenye besi akabaki bila kutajwa.

Linganisha na Marekani, ambako jazi ilizaliwa na ambako lugha yetu ilipata taadhima isiyo ndogo. Novemba 1960 Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na katika sahani hiyo Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, akasikika akinena Kiswahili, huku besi zikipigwa na George Duvivier na Ron Carter. Naye Buster Williams, aliyezaliwa Camden, New Jersey, mwaka 1942, na kufundishwa besi na baba yake, alizunguka na Gene Ammons na Sonny Stitt, akawasindikiza waimbaji kama Sarah Vaughan na Nancy Wilson, kisha akaingia katika kundi la Herbie Hancock, ambamo kila mwanamuziki alijipatia jina la Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, naye Williams akawa Mchezaji. Mwaka 1975 alitoa sahani yake, Pinnacle, kwa jina lake mwenyewe na yenye tungo zake. Besi ile ile, vidole vile vile. Tofauti ni kwamba huko jina la mpigaji huandikwa juu ya jalada, na utunzi wake huandikishwa kuwa mali yake.

Nchini kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imewatambua watunzi na watumbuizaji pia, nayo ni hatua njema. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na bendi nyingi za miaka ya 1960 hadi 1980 zimeacha kanda zisizo na orodha ya wapigaji. Wazee waliopiga katika bendi hizo wangali wapo baadhi yao, Mwanza, Sengerema, Tabora na Musoma, nao wanakumbuka nani alishika chombo gani na katika wimbo upi. Basi maktaba za mikoa, vituo vya redio, walimu na vijana wenye simu za kurekodia na waende kwao hima, kabla umri haujaichukua elimu hiyo. Na kila atakayeandika habari za bendi yoyote ya nchi hii asiridhike na majina ya waimbaji, bali aulize pia, na aandike, ni nani aliyepiga besi.