Ujira wa Mkono

Historia ya maandishi ya Kiswahili imetuzoeza kuhesabu tungo, bahari na tarehe; haijatuzoeza kuuliza mtunzi alikula nini siku aliyotunga. Swali hilo laweza kuonekana dogo, hata la utovu wa adabu. Lakini mtu akilifuata kwa subira hukuta jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita kimya: kwa muda mrefu katika pwani yetu, aghalabu aliyelipwa kwa kuandika alilipwa kwa kazi ya mkono wake, si kwa fikira zake. Alipata ujira kwa hati nzuri, kwa kunakili, kwa ukarani. Alilolitunga mwenyewe alilitunga katika saa zilizobaki. Sisemi kwamba malenga hawakutuzwa. Wako waliotuzwa arusini na katika mabaraza ya wakubwa. Lakini tuzo si riziki, wala haingojwi mwisho wa mwezi.

Mtazame Muhammad bin Abubakar wa Lamu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kijuma. Alizaliwa kadiri ya mwaka wa 1855, akafa mwaka wa 1945. Alichonga mbao, alipiga kinanda, alitunga nyimbo za ngoma, na juu ya hayo alikuwa na hati ya Kiarabu iliyostaajabisha wajuzi. Alice Werner alipokuja pwani kabla ya Vita Kuu ya kwanza alipata msaada kwake, na utenzi wa Liongo ulioandikwa kwa mkono wa Kijuma mwaka wa 1913 ni tunda la wakati ule. Katika miaka ya 1930 William Hichens, naye Uingereza, alikuwa akimwagizia nakala kwa barua. Na mwaka wa 1936 Ernst Dammann na mkewe walifika Kenya, wakakaa Lamu na kujifunza kwake.

Kazi ya kunakili si nyepesi kama wasomaji wa vitabu vya chapa wanavyodhani. Utenzi wa beti mia mbili una vipande mia nane, na kila kipande kina mahali pake katika safu. Herufi za Kiarabu hazikuumbwa kwa sauti zote za Kiswahili, basi mwandishi mwangalifu huongeza alama juu na chini ili msomaji asikisie. Tone moja la wino likianguka, ukurasa mzima hurudiwa. Kijuma aliifanya kazi hiyo akikaribia umri wa miaka themanini, tena akaipamba kwa rangi. Kisha furushi likasafiri kwa meli, na mzee akabaki kungoja jibu na malipo.

Wateja wake walitaka la kale. Hapa naona shida iliyopita ya fedha: mtu aliyekuwa mtunzi alithaminiwa kama shahidi wa watunzi waliokufa. Majina yaliyokuja kupigwa chapa juu ya majalada yalikuwa ya wahariri wa Ulaya. Sidhani kuwa walikusudia kumdhulumu. Ndiyo iliyokuwa desturi ya wanazuoni wa zama zile, na pasipo wao huenda tungo nyingi zingeliwa na mchwa. Lakini desturi haimzuii mtu kuona uchungu.

Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909, na hali yake yatupasa kukaa nayo zaidi, kwa kuwa ameacha habari zake kwa kalamu yake mwenyewe. Aliingia Idara ya Forodha mwaka wa 1926, akawa karani humo hata mwaka wa 1944. Baada ya hapo alihamishiwa Idara ya Wanyama huko Mpwapwa, mbali na bahari. Mwaka wa 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na tangu mwaka wa 1952 hata 1960 akatumika katika ofisi ya upimaji. Huo ni ukarani wa miaka thelathini na minne. Mchana kalamu yake iliandika hesabu na barua za serikali, na kwa kazi hiyo alipokea mshahara uliopangwa kwa rangi ya mtu, kama ilivyokuwa sheria ya utumishi wa kikoloni. Karani hakuulizwa apenda kuhamia wapi. Alifunga mizigo, miswada ikiwamo, akaenda.

Katika maisha hayo alifiwa na mkewe Amina, akamwombolezea kwa shairi. Akawatungia watoto wake tenzi za mawaidha. Aliandika Kusadikika, habari za nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Wengi wameusifu ufundi wa kuiweka nchi ile hewani. Mimi naona pia hadhari ya mtu aliyelishwa na serikali ile ile ambayo msomaji angeweza kuitambua.

Kisha kulikuwa na kungoja. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka wa 1930, ilisoma miswada na kutoa idhini yake. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu, ingawa baadaye Shaaban mwenyewe alikuwa mjumbe. Wachapaji walikuwa mbali: Pambo la Lugha lilitoka Johannesburg mwaka wa 1947, Maisha Yangu na Kusadikika zilitoka kwa Nelson wa London mwaka wa 1949 na 1951. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka wa 1931 na 1958 zilipigwa chapa mwaka wa 2002. Atakaye kumjua mwandishi akiwa kazini azisome kabla ya kusoma sifa alizopewa baada ya kufa, kwa sababu aliyeziandika hakujua kama sisi tutazisoma.

Utenzi wa Vita vya Uhuru aliutunga kwa habari za vita vya mwaka wa 1939 hata 1945. Ni utungo mrefu mno, na yeyote aliyewahi kutunga beti kumi baada ya kutoka kazini atakisia ni usiku mangapi ulikula. Haukupata mchapaji maishani mwake.

Mwaka wa 1960 aliacha utumishi wa serikali, na mchana ukawa wake. Alifariki Juni 1962. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka mwaka wa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata mwaka wa 1968.