Mto Lukuga na Mesoni za Chamu

Katika historia ya elimu, mashahidi wawili huweza kupingana ilhali wote wanasema kweli. Makala haya yanalionyesha jambo hilo kwa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa Kalemie, mahali ambapo Mto Lukuga hutoka Ziwa Tanganyika kuelekea Mto Kongo. Mwaka 1874 Cameron alitangaza kuwa maji ya ziwa hutokea hapo. Mwaka 1876 Stanley alikuta njia imezibwa na matope na mafunjo. Mwaka 1879 Hore aliona mto ukienda kwa nguvu. Hakuna aliyedanganya: ziwa lilikuwa limejaa hata likavunja kizuizi.

Mfano wa pili ni wa fizikia ya viini vya atomu. Mesoni ni chembe inayoundwa na kwaki moja na antikwaki moja. Mwaka 1974 makundi mawili ya Marekani, la Ting na la Richter, yaligundua mesoni J/psi, ambayo ni kwaki ya chamu iliyofungamana na antikwaki yake. Mwaka 1986 Matsui na Satz walitabiri kuwa viini vizito vikigonganishwa hadi joto lipite nyuzi milioni milioni moja, protoni na nyutroni zitayeyuka, kwaki zitakuwa huru, na J/psi zitapungua kwa kuwa kifungo chake kitalegea.

Miaka ya 1990 majaribio ya CERN, Geneva, yalionyesha upungufu huo. Ilitazamiwa kuwa nishati ikiongezwa upungufu nao ungezidi. Hata hivyo, baada ya mtambo wa LHC kuanza kugonganisha viini vya risasi mwaka 2010, jaribio la ALICE lilipima upungufu mdogo kuliko ule wa mtambo wa RHIC wa Marekani, wenye nishati ndogo zaidi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kwaki za chamu zinazozaliwa huko ni nyingi, basi zilizotengana hupata wenzi wapya joto lishukapo. Aidha, mesoni D, zenye kwaki moja tu ya chamu, zilionekana kufuata mkondo wa maada hiyo, kama gogo zito lichukuliwavyo na Lukuga.

Kwa hiyo kuyeyuka ni kweli, na kuungana tena ni kweli. Kilichobadilika ni hali. Mwanafunzi wa Kalemie husomeshwa fizikia kwa Kifaransa, lakini maneno mkondo, kizuizi na kuyeyuka anayo tangu utotoni. Lugha yake yaweza kuubeba mjadala huu, mradi itumiwe.