Kiporo Hakitupwi: Historia ya Kutunza Chakula Katika Ngara na Biharamulo

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya chungu cha nyumbani. Tutauliza hivi: watu wa Ngara na Biharamulo walifanyaje ili chakula kisipotee? Na sisi twaweza kujifunza nini ili fedha zetu zisipotee pamoja nacho?

Tuanze na neno lenyewe. Chakula cha jana kilichobaki huitwa kiporo. Watu wa pwani hukiita pia mwiku. Wako watu wanaoona haya kula kiporo. Hudhani ni alama ya umaskini. Historia yatuonyesha kwamba sivyo.

Vyakula vya kale vya nchi yetu vilikuwa mtama na ulezi. Migomba ilitoka Asia ikaota mizizi kwetu. Mihogo, mahindi, viazi vitamu na maharagwe asili yake ni bara la Amerika. Vilifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Siku hizo hapakuwa na duka la kununua unga mvua ilipokosa. Kilichooza kilikuwa kimekwenda. Kwa hiyo watu walilifanya jua kuwa ghala lao. Mihogo ilimenywa ikaanikwa, ikawa makopa. Mihogo michungu ililowekwa kwanza ili sumu yake itoke, ndipo ikaanikwa, ikawa udaga. Wasukuma, ambao baadhi yao wamehamia Biharamulo, hukata viazi vibichi na kuvianika, ndiyo michembe. Viazi vilivyokwisha kuchemshwa nao huvikata na kuvianika, ndiyo matobolwa. Angalieni basi: viazi vilivyopikwa leo vyaweza kuliwa baada ya miezi mingi.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, waliamuru watu katika wilaya nyingi kulima mihogo iwe kinga ya njaa. Amri haikupendwa, lakini njaa haikuwa hadithi. Mwaka 1943 na 1944 jirani zetu wa Rwanda walipatwa na njaa kubwa iitwayo Ruzagayura. Watu wengi walikufa, na wengine wakahama nchi yao.

Wakati huo huo huko Uingereza kwenyewe chakula kilikuwa haba kwa sababu ya vita. Serikali yao ilianza kugawa chakula kwa vipimo Januari 1940, na mgao huo haukuisha mpaka Julai 1954. Mtu aliyetupa chakula kifaacho kuliwa aliweza kushtakiwa. Serikali iliwafundisha akina mama kupika upya mabaki ya jana. Basi hata nchi tajiri ilikula kiporo, wala haikuona haya.

Baada ya Uhuru twakuta redio imeingia katika habari hii. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya afya yaliyoitwa Mtu ni Afya. Mwaka huo na uliofuata ukame ulikausha mashamba, na Tanzania ikalazimika kutumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka. Mwaka 1975 yakaja masomo mengine ya redio, Chakula ni Uhai. Darasa kama hili lenu ni mtoto wa kazi ile.

Sasa tufike mwaka 1994, ambao watu wazima wa Ngara hawawezi kuusahau. Aprili 28 na 29, kwa muda wa siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kupita miji mingi ya nchi yetu. Wakimbizi walipewa mahindi, maharagwe na mafuta. Ndizi hawakupewa, na watu waliozoea ndizi walizitafuta sokoni. Bei ya ndizi na vyakula vingine visivyokuwamo katika mgao ikapanda sana. Mkulima aliyekuwa na ndizi za kuuza alipata fedha. Mwenye kununua chakula chake aliumia.

Kuni nazo zikawa shida. Mahindi na maharagwe makavu huchemka saa nyingi, miti ikakatwa, na akina mama wa vijijini na wa kambini wakaenda mbali zaidi kutafuta kuni. Hapo watu walifundishwa kuloweka maharagwe usiku kucha, kufunika chungu, na kujenga majiko ya udongo yanayokula kuni chache. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, lakini maarifa haya yafaa hata leo.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni madaftari. Tuseme nyumba moja hutupa kila siku ugali uliopikwa kwa robo kilo ya unga. Kwa siku 4 ni kilo 1. Kwa mwaka mmoja ni kilo 91, yaani karibu gunia zima. Andikeni bei ya kilo moja ya unga katika duka la kwenu, kisha zidisheni kwa 91. Jibu ni fedha mnayomwaga jalalani, na bado hatujahesabu kuni. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nacho kibaba humwagika haba na haba.

Maharagwe ya jana yafaa kupikwa asubuhi pamoja na ndizi. Ugali wa jana hukatwa vipande ukaokwa makaani. Maganda ya ndizi ni chakula cha mbuzi, na taka nyingine za jikoni ni mbolea ya migomba.

Lakini kuweni na hadhari. Kiporo kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, na kipashwe moto mpaka kichemke kabisa. Kikinuka vibaya, kitupeni. Mtoto mchanga asipewe uji uliolala. Na nafaka yenye ukungu isiliwe kamwe, kwa kuwa yaweza kuwa na sumukuvu, nayo sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu 20 walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuokoa chakula ni akili. Kuokoa sumu si akili.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Wazee wa kijiji chenu walihifadhi chakula gani kwa jua? Nani bado anajua kazi hiyo?

2. Katika nyumba yenu chakula kipi hutupwa mara nyingi, na kwa nini?

3. Jibu la hesabu yenu ni shilingi ngapi? Fedha hizo zingenunua nini kwa watoto?

Mwalimu wa darasa aandike majibu ubaoni, na kila mwanafunzi ayanakili. Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini, na mjifunze vema.